Maswali ya Wasomaji: Kivinjari Kinachong'ang'ania Nisakinishe Plagini

SWALI: Dada Fundi, salaam nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, natumia kompyuta ya mpakato yenye Windows 11, na kivinjari changu ni Chrome. Kwa muda sasa nakosa raha. Nikifungua kurasa za video za masomo, kidirisha kinatokea katikati kikisema plagini yangu ya video imepitwa na wakati, nisakinishe mpya. Nakifunga, nahamia ukurasa mwingine, nakikuta kinanisubiri. Ajabu ni kwamba hata nikiwa naandika barua, kivinjari nimekifunga, kona ya chini kulia kinachomoza kijitangazo cha namna hiyohiyo chenye alama ya hatari. Mwanangu alikuta kwenye orodha ya viendelezi (zile programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) kimoja kinachojiita msaidizi wa video, akakiondoa. Kesho yake kilikuwa kimerudi, na safari hii kitufe cha kukiondoa hakibofyeki. Je, nikubali kusakinisha ili yaishe? — Mwalimu mstaafu

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usikubali. Nakusihi, hata kitakuja mara ngapi, usibofye kitufe hicho, kwa sababu kusakinisha hakutamaliza kero. Aliyekitengeneza kidirisha hicho anachotafuta ni wewe uchoke useme "basi liwalo na liwe".

Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba huenda kweli kuna kitu unakikosa. Plagini zilikuwa na kazi ya maana wakati wake. Katikati ya miaka ya 1990, Netscape, kivinjari kilichotamba wakati huo, ilipofungua mlango kwa programu za nje kujichomeka ndani ya kivinjari, kivinjari chenyewe hakikuwa na uwezo wa kucheza video, wala kuonyesha michoro inayotembea. Ndipo zikaja Flash, Java, Silverlight na ndugu zao. Tatizo ni kwamba kila plagini ilikuwa programu kamili yenye mamlaka makubwa ndani ya kompyuta, na kila ufa ndani yake ulikuwa njia ya wezi. Watengeneza vivinjari wakaanza kuufunga mlango huo taratibu. Chrome iliufunga Septemba 2015. Firefox ikafuata Machi 2017, ikibakiza Flash peke yake. Adobe wakaacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash yenyewe ikakataa kucheza chochote. Silverlight ikafikia mwisho wake 12 Oktoba 2021. Video unazoangalia leo zinachezwa na kivinjari chako chenyewe, bila msaada wa mtu. Hata faili za PDF Chrome inazifungua yenyewe.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukurasa wowote unaokwambia leo kwamba ukisakinishe hiki au kile ndipo video icheze, unakudanganya. Ukitaja Flash ndiyo kabisa, maana unakuuzia kitu kilichokwisha kuzikwa na wenyewe. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ujanja huu una historia mbaya. Mwaka 2011 kirusi kilichoitwa Flashback kiliingia kwenye kompyuta za Mac kikijifanya kisakinishi cha Flash. Baadaye kikabadili njia, na kufikia Aprili 2012 kompyuta zilizoambukizwa zilikadiriwa kuwa takriban 600,000. Oktoba 2017 kikaja Bad Rabbit, kirusi kinachofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilienea zaidi Urusi na Ukraine, nacho kilipitia kwenye tovuti za kawaida zilizodukuliwa, zikimwambia msomaji asasishe Flash. Waliobofya walikuwa watu waangalifu tu, wanaosoma habari zao za asubuhi.

Sasa tuje kwenye kero yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona ndani yake matatizo matatu yaliyovaa nguo moja. Kuna kidirisha cha katikati ya ukurasa, kuna kijitangazo cha kona, na kuna kiendelezi kisichotoka. Yanasema maneno yaleyale, lakini yanatoka sehemu tofauti, na dawa zake ni tofauti. Wengi wanashindwa hapa: wanatibu moja, mengine mawili yanaendelea, wanadhani dawa haikufanya kazi.

Tuanze na kidirisha cha katikati. Hicho ni mchoro. Ukurasa wenyewe umekichora kifanane na madirisha ya Windows. Kishike kwa kipanya ukivute kuelekea juu, hadi kivuke sehemu ya anwani. Dirisha la kweli la kompyuta huvuka bila shida. La kuchora hugota kwenye ukingo wa ukurasa au halisogei kabisa. Tena itazame ile alama ya kufungia iliyo kwenye kona yake. Mara nyingi nayo imechorwa, na nyuma yake kuna kiungo kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha kusakinisha. Ukidhani unafunga, umekubali. Ndiyo maana nawaambia watu wasihangaike na kidirisha: funga kichupo kizima, kwa kubonyeza Ctrl na W kwa pamoja. Ukurasa ukigoma kufungika, bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya Chrome. Itafunguka orodha ya vichupo vyote. Chagua kile kigumu ukikatishe. Baadaye Chrome ikikuuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Lakini kwa nini kidirisha kinakufuata ukurasa hadi ukurasa? Hapo kuna njia mbili. Ama tovuti unazopenda kwenda zinatumia matangazo ya hovyo, ama kuna kiendelezi ndani ya kivinjari chako kinachobandika kidirisha hicho juu ya kila ukurasa. Kujua ni ipi si kazi kubwa. Fungua dirisha fiche, yaani Ctrl, Shift na N kwa pamoja, halafu tembelea kurasa zilezile. Ndani ya dirisha fiche viendelezi havifanyi kazi, isipokuwa vile ulivyoviruhusu wewe mwenyewe. Kidirisha kikipotea humo, mkosaji ni kiendelezi. Kikibaki, na ni kwenye tovuti moja tu, mkosaji ni hiyo tovuti, na ushauri wangu ni kuihama. Somo moja la video hupatikana sehemu nyingi. Hakuna sababu ya kubembelezana na tovuti inayokutega.

Kijitangazo cha kona ndicho rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachowatisha watu zaidi, kwa sababu kinakuja wakati huna habari na mtandao. Hicho ni arifa. Kuna siku tovuti fulani ilikuomba ruhusa ya kukutumia arifa, nawe ukabofya kukubali. Tovuti za namna hiyo hazikwambii ukweli kuhusu unachokiruhusu: huandika kwa herufi kubwa kwamba ubofye kuruhusu ili uthibitishe wewe si roboti, au ili video ianze. Tangu siku hiyo zinayo haki ya kukuandikia kwenye uso wa kompyuta yako. Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata ukiwa umeifunga, kwa hiyo kijitangazo hakisubiri uifungue.

Kikichomoza tena, usikibofye, kisome tu. Chini ya ule ujumbe wa kutisha, kwa maandishi madogo yaliyofifia, utaona jina la Chrome na anwani ya tovuti iliyokituma. Hayo maandishi madogo mtumaji hawezi kuyaficha, maana yanawekwa na mfumo. Juu anaweza kubandika ngao ya kijani na kujiita mlinzi wa kompyuta yako, lakini chini anwani yake inabaki palepale, mara nyingi ni mkururo wa herufi usio na maana. Inakili kwenye karatasi.

Kisha fungua Chrome, bofya vile vidoti vitatu vya juu kulia, nenda Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa. Ukipenda njia fupi, andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Itafute ile uliyoinakili uizuie, halafu pitia nyingine moja baada ya nyingine. Usiyoikumbuka, iondoe, kama uliihitaji itakuomba tena. Mimi kwenye kompyuta zote ninazozitengeneza huenda mbali zaidi: juu ya ukurasa huohuo nachagua tovuti zisiruhusiwe kabisa kuomba arifa. Sijaona mtu aliyekuja kulalamika kwamba amezikosa. Watengeneza vivinjari nao waliiona kero hii: mwanzoni mwa 2020 Firefox ilianza kuyaficha maombi haya hadi mtumiaji abofye mwenyewe, na Chrome ikaleta njia ya kuyanyamazisha. Lakini usitegemee ruhusa iliyokwisha kutolewa ijifute yenyewe. Ifute kwa mkono wako.

Na ukitaka Chrome ikifungwa ifungike kweli, kwenye Mipangilio nenda sehemu ya Mfumo, uzime kile kinachoiruhusu kuendelea chinichini.

Sasa lililo gumu, kiendelezi kinachorudi. Hapa ndipo pa kukaa, Mwalimu, maana hapa ndipo penye mzizi wa fitina, na nina wasiwasi kwamba ndicho kinachokibandika hata kile kidirisha cha katikati.

Kiendelezi cha kawaida ukikiondoa kinaondoka. Kikirudi kesho yake, tena kitufe chake kikiwa hakibofyeki, maana yake kuna kitu nje ya kivinjari kinachokirudisha, nacho kimekirudisha kwa jina la msimamizi. Chrome ina utaratibu unaoitwa sera. Ofisi kubwa zinautumia kuwasakinishia wafanyakazi viendelezi vya kazi, na mfanyakazi hawezi kuviondoa. Ni utaratibu mzuri ukitumiwa na mwenye ofisi. Shida ni kwamba programu mbovu ikiingia kwenye kompyuta yako ya nyumbani inaweza kujiandikia sera zilezile, na Chrome ikazichukulia kana kwamba zimewekwa na msimamizi.

Fungua menyu ya vidoti vitatu uangalie mwisho wake kabisa. Ukiona maneno kwamba kivinjari chako kinasimamiwa na shirika lako, na kompyuta ni yako mwenyewe, hapo pana jambo. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani. Kompyuta isiyosimamiwa na mtu ina ukurasa mtupu hapo. Yako, kwa ulivyoeleza, nategemea utaona mstari wenye jina ExtensionInstallForcelist, na mbele yake herufi ndogo 32 zilizoungana bila nafasi. Hizo herufi 32 ndizo kitambulisho cha kiendelezi. Sasa fungua chrome://extensions, washa hali ya msanidi programu kwa kile kitufe cha juu kulia, ulinganishe na kitambulisho kilichoandikwa chini ya yule msaidizi wa video. Vikilingana, umemkamata. Ila usikurupuke, kwa sababu baadhi ya programu za kuzuia virusi nazo huweka sera zao kwa nia njema. Linganisha kwanza.

Sasa, utaratibu wa kumtoa una mpangilio wake, na ukiupindua atarudi. Anza na programu inayomleta. Kwenye Mipangilio ya Windows nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, uipange kwa tarehe, uangalie zilizoingia siku zilezile kero ilipoanza. Utafute vitu kama kibadilisha PDF cha bure, kipakua video, au kiongeza kasi ambacho hukumbuki kukitaka. Watu huvileta bila kujua wakisakinisha kitu kingine kwa kubofya "endelea, endelea" bila kusoma. Ondoa kila usichokitambua, ukimuuliza kwanza mwanao kama si chake.

Pili, ipe kompyuta uchunguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender. Upo ndani ya Windows, huhitaji kupakua kitu: fungua Usalama wa Windows, sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, chaguo za uchunguzi. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu kompyuta itajizima na kujiwasha, kisha itachunguza kabla Windows yenyewe haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Uzuri wa uchunguzi huo ni kwamba programu mbovu inakuwa bado haijapata nafasi ya kujificha.

Tatu ndiyo sera zenyewe. Hapa ningependa mwanao akae pembeni yako. Fungua kihariri cha rejista, yaani daftari la mipangilio ya ndani ya Windows, kwa kuandika regedit kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Sera za Chrome zinakaa kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na nyingine kwenye njia kama hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Kabla ya kufuta chochote, bofya kulia kwenye folda hiyo ya Chrome uihamishie nakala yake kwenye faili, ili kukiharibika kitu uweze kuirudisha. Ndipo ufute folda hiyo ya Chrome tu, ile iliyo chini ya Policies, usiguse nyingine yoyote. Funga Chrome, ifungue, rudi chrome://policy ubofye kitufe cha kupakia upya sera. Ukurasa ukiwa mtupu, nenda kwenye viendelezi: huenda kiendelezi kimekwisha kuondoka chenyewe, na kama bado kipo, kitufe cha kuondoa sasa kitabofyeka.

Mwisho, rudisha mipangilio ya Chrome kama ilivyokuwa awali, kwenye Mipangilio, sehemu ya kuweka upya. Alamisho zako, historia na manenosiri uliyohifadhi havitaguswa. Viendelezi vyote vitazimwa, nawe utawasha tena unavyovijua. Kama akaunti yako ya Chrome inatumika pia kwenye kompyuta nyingine, kagua na hiyo, kwa sababu viendelezi na mipangilio husafiri pamoja na akaunti.

Kuna mahali pamoja zaidi ambapo watu hawaangalii, nami napaangalia kila mara. Bofya kulia kwenye ikoni ya Chrome iliyo kwenye uso wa kompyuta, fungua sifa zake, usome kisanduku chenye njia ya programu. Peleka kishale hadi mwisho wa mstari. Mstari safi unaishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Unaweza kukuta baada yake maneno yanayoanza na --profile-directory, hayo hayana neno, ni jina la wasifu wako. Lakini ukikuta nafasi, halafu anwani ya tovuti, hiyo imepachikwa, na kila ukibofya ikoni hiyo Chrome itaanzia kwenye mtego. Futa hiyo anwani peke yake, ubaki na sehemu safi.

Hukuniambia kama uliwahi kukibofya kile kitufe cha kusakinisha, Mwalimu, nami sikulaumu. Kama faili ilipakuliwa tu na hukuifungua, ifute kwenye folda ya vipakuliwa. Faili isiyofunguliwa haijafanya kitu. Kama uliifungua, basi baada ya uchunguzi wa Defender badilisha manenosiri ya barua pepe na benki, na uyabadilishie kwenye kifaa kingine, si kwenye kompyuta hiyo.

SWALI: Dada Fundi, mimi ni mtumiaji wa Firefox. Ukurasa wa filamu ninaoulipia kila mwezi unaniletea mstari juu ukisema niwashe DRM ndipo filamu icheze. Nilipoingia kwenye orodha ya plagini nikakuta mbili ambazo sikuziweka: OpenH264 ya Cisco na Widevine. Kwa nilivyozoea kukusoma, nilitaka kuzifuta mara moja. Nimefanya vema kukuuliza kwanza? — Mpenzi wa filamu

JIBU: Umefanya vema sana, na usizifute. Hizo ni plagini halali zilizobaki ndani ya Firefox, na Firefox inazipakua yenyewe. Widevine ni ya Google, na kazi yake ni kufungua video ambazo wenye haki wamezifunga; kufuli hilo ndilo linaloitwa DRM. OpenH264 hutumika zaidi kwenye simu za video. Sababu ya kuja kama kifurushi cha pembeni ni ya kisheria: teknolojia ya H.264, ya kubana video, ina hataza zinazolipiwa, na Cisco, waliotangaza mpango huu mwaka 2013, ndio wanaobeba malipo hayo kwa nakala wanazozisambaza wao. Ingechomekwa moja kwa moja ndani ya Firefox, mzigo ungehamia kwingine.

Tofauti kati ya ombi lako na lile la Mwalimu hapo juu ni mahali linapotokea. Lako linatoka chini kidogo ya sehemu ya anwani, nje ya ukurasa, na halikupeleki kupakua faili yoyote. Linabadilisha mpangilio mmoja tu wa Firefox. Ukurasa hauna uwezo wa kuchora nje ya mipaka yake. Ukiamua hutaki DRM, mpangilio wake uko kwenye sehemu ya jumla ya mipangilio ya Firefox, lakini filamu zako hazitacheza. Jambo moja tu la kuangalia: kama Firefox yako ni ya zamani sana, ya kabla ya 2017, inaweza kukuletea kwa dhati mstari wa plagini iliyokosekana. Zamani tuliunyamazisha mstari huo ndani ya about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox. Siwashauri watu kufanya hivyo tena. Sasisha kivinjari, na mstari utaondoka pamoja na hatari zote za toleo hilo.

SWALI: Kazini tuna mfumo wa kumbukumbu wa miaka mingi. Kila nikiufungua kwa Chrome unaniambia nisakinishe Java. Nimeisakinisha, nimeisakinisha tena, bado unaniambia nisakinishe Java. Nifanye nini? — Karani

JIBU: Pole. Mfumo wenu haukudanganyi, ila unaomba kitu ambacho Chrome haina tena pa kukichomeka. Java uliyoisakinisha iko salama kwenye kompyuta, lakini mlango wa kuingilia ndani ya kivinjari ulifungwa, na Oracle, wenye Java yao, waliiondoa plagini hiyo kuanzia Java 11, mwaka 2018. Hata ukisakinisha mara mia, ujumbe hautaondoka.

Njia iliyobaki ni Microsoft Edge, ambayo ndani yake ina hali ya Internet Explorer. Internet Explorer 11 yenyewe ilistaafishwa 15 Juni 2022, lakini hali hiyo Microsoft wameahidi kuitunza hadi angalau 2029, na inapokea plagini za zamani zikiwemo za Java. Itakubidi uwe na Java 8, si toleo jipya. Ukiiwasha mwenyewe kwa ukurasa mmoja, ruhusa hudumu siku 30 halafu inaisha, ndiyo maana ni bora fundi wa kazini kwenu auweke mfumo huo kwenye orodha ya tovuti za shirika zima. Usiitumie hali hiyo kutembelea tovuti nyingine yoyote. Na mpelekeeni mkuu wenu barua sasa, aanze kutafuta mfumo mpya kabla ya 2029 kufika, kwa sababu kuhamisha kumbukumbu za miaka mingi si kazi ya mwezi mmoja.

SWALI: Ukurasa umeniambia ili kuthibitisha mimi ni binadamu nibonyeze kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Nimesita. Ni plagini ya aina gani hii? — Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Asante Mungu umesita. Hiyo si plagini kabisa. Ukurasa ulipofunguka, au ulipobofya kile kisanduku cha "mimi si roboti", ukurasa huo wenyewe ulinakili amri kimyakimya kwenye kumbukumbu ya kunakilia ya kompyuta yako. Windows na R hufungua kisanduku cha kuendeshea programu, Ctrl na V hubandika amri hiyo, na Enter huitekeleza. Kivinjari hakihusiki tena hapo, kwa hiyo ulinzi wake wote umeuruka kwa mkono wako mwenyewe. Ujanja huu ulianza kuenea sana mwaka 2024.

Funga kichupo hicho. Kisha nakili neno lolote la kawaida, ili lile lililobandikwa kwenye kumbukumbu lifutike. Ukitaka kuliona kabla ya kulifuta, libandike ndani ya Notepad, mahali ambapo haliwezi kutekelezwa. Mara nyingi utaona neno powershell au mshta mwanzoni, na mwishoni sentensi ya kutuliza kuhusu uthibitisho, iliyowekwa hapo ili ndiyo pekee uione kwenye kisanduku kidogo. Kama kuna mtu nyumbani kwako aliyekwisha kubonyeza Enter, ondoa kompyuta kwenye mtandao, fanya uchunguzi ule wa Defender niliomweleza Mwalimu, na badilisha manenosiri yote kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe. Kwenye akaunti zenye uwezo huo, ziondoe pia kwenye vifaa vyote zilikofunguliwa, kwa sababu wezi hawa huiba hata vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti hukutambulia, na kidakuzi kilichoibwa kinaweza kumwingiza mtu kwenye akaunti bila kuulizwa neno la siri.